Hongera kwa Femke

Binti yangu Josette aliimba kutoka uwanja wa ndege hadi Utrecht, Uholanzi, na katika behewa letu la treni hakuna hata mtu mmoja aliyetabasamu.

Sikujua tumekosa nini. Bibi mmoja alitutazama juu ya miwani. Msichana mwenye kitabu alinyoosha kidole kwenye kioo cha dirisha, nami nikadhani ananionyesha ng'ombe wa nje. "Wazuri sana," nikamwambia. Akafumba macho. Tulipokuwa tunashuka, nikiwa na Josette bega moja na kigari chake cha kusukumwa bega la pili, ndipo mzee mmoja aliponiambia kwa upole, "Bwana, hili ni behewa la watu wanaotaka kimya."

"Mbona hamkuniambia mapema?"

"Tungekuambiaje? Ni behewa la kimya."

Akashuka na mkoba wake. Nikabaki nimesimama pale jukwaani, mtu mzima, Remi Thibodeau wa Moncton, Canada, fundi wa kuchomelea vyuma ambaye hajawahi kuogopa moto wala mtu, nisijue nicheke au nimfuate nikamshike shati.

"Baba," alisema Josette, "Femke yuko wapi?"

"Nyumbani kwao. Anatungoja."

"Ana mkate wa chokoleti?"

"Anao."

Sikuwa na hakika na la mkate, wala na lile la kungojwa. Femke aliishi kwetu Moncton karibu mwaka mzima, akifanya kazi ya kunyoosha viungo vya wagonjwa. Goti la mama yangu ndilo lililotukutanisha. Alikuja nyumbani kumfundisha mama kupanda ngazi upya, akanikuta jikoni nimekaa na mtoto anayelia, mtoto ambaye mama yake alikwenda Alberta na hakurudi hata kwa simu. Femke hakuniuliza kitu. Alimwaga punje za chokoleti juu ya mkate wenye siagi, akampa Josette, kilio kikakatika kama redio iliyochomolewa. Kisha akainua macho akanitazama. Macho yale sijayapatia jina mpaka leo. Ukiyaita ya kijivu, yanageuka buluu. Ukiyaita ya buluu, yanakucheka. Toka siku ile sikulala vizuri, na sikutaka kulala vizuri.

Kibali chake cha kazi kilipoisha alirudi kwao. Tukabaki na simu. Mwishowe nikakata tiketi, na nikamkataza asije kutupokea. "Sijapotea tangu nizaliwe," nilimwandikia. "Nitafika mwenyewe."

Kituo cha Utrecht kina milango kama kichuguu. Nilitokea mlango usio wangu, mvua nyembamba ikanipiga usoni, simu yangu ikakataa kabisa kuzungumza na nchi ile, na gurudumu moja la kigari likaanza kulia *kwii, kwii* kama panya aliyekanyagwa. Niliuliza njia mara kadhaa. Kila niliyemwuliza alijibu huku baiskeli yake ikiendelea kwenda.

Femke alikuwa ameniambia tu: Jumapili mchana kuna kahawa kwa mama, njooni moja kwa moja. Nami nilijua kahawa ni kahawa.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mrefu, nywele fupi nyeupe, mgongo umenyooka kama nguzo.

"Wewe ni yule wa Canada," alisema.

"Ndiyo, mama. Naitwa Remi."

"Niite Hanneke. Mama yako yuko kwenu." Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayesahihisha anwani. "Femke amekwenda kituoni kuwatafuta. Hamkuonana?"

"Nilimwambia asije."

"Naye akaenda. Ndivyo alivyo." Akainama. "Na huyu?"

"Bibi," alisema Josette, "nina njaa."

"Mimi si bibi yako, mtoto. Lakini njaa hiyo tutaishughulikia. Ingieni, mnaingiza mvua."

Tukaingia. Nilipofika mlango wa sebule, miguu ilisita.

Viti vilikuwa vimepangwa kuzunguka ukuta wote, vya sebuleni, vya jikoni, hata kigoda cha bafuni, na kila kiti kilikuwa na mtu, na kila mtu alikuwa na kikombe juu ya goti. Vibendera vya karatasi vilivuka dari kutoka pembe hadi pembe. Na mahali pa heshima, mbele ya dirisha, palikuwa na kiti kimoja kitupu kilichozungushiwa maua ya karatasi, mekundu na meupe, kama kiti cha bibi arusi.

Kando ya kiti kile alikaa kijana mmoja mzuri wa sura. Mabega mapana, ndevu zimechongwa, sweta la sufu la rangi ya bahari. Alikuwa ameweka mkono juu ya mgongo wa kile kiti kitupu, kama mtu anayelinda mahali pake.

Nilizunguka duara nzima kutoa mkono. Kwao huwezi kusema "habari zenu" kwa mkupuo ukakaa; mkono hadi mkono, jina hadi jina. Yule kijana aliponipa wake alitabasamu.

"Sander," alisema. "Wa mlango wa pili."

Nikapewa kiti karibu na mlango, Josette magotini, na mwanasesere wake, kamba mkubwa wa baharini wa kitambaa chekundu, magotini mwa Josette. Kahawa ikaja. Kengele ya mlango ikalia, wakaingia wanawake wawili wenye makoti ya mvua. Wakamwendea Hanneke, wakambusu shavu hili, lile, na hili tena.

"Hongera kwa Femke!"

Neno hilo nalijua. Miezi mingi nilikuwa najifunza Kiholanzi kwenye simu wakati wa chakula kazini, kofia ya kuchomelea ikiwa begani, wenzangu wakinicheka. "Remi anaongea na jibini la Uholanzi," walikuwa wakisema. Hongera ilikuwa katika somo moja na arusi.

Wale wanawake wakamgeukia Sander. Naye akainuka. Wakambusu mara tatu. "Sander! Hongera kwa Femke!" Akacheka, akashukuru, akawauliza kama wamelowa.

Walipofika kwangu walinipa mkono. "Habari za mchana," alisema mmoja. "Mvua, eh?"

"Mvua," nilijibu.

Kengele ikalia tena. Mume na mke. Hanneke, busu tatu, hongera kwa Femke. Sander, busu tatu, hongera kwa Femke. Mimi, mkono na mvua.

Josette alikuwa anatazama yote kwa makini, kidole mdomoni.

"Baba, kwa nini wote wanambusu yule mjomba?"

"Sijui, mwanangu."

"Ameshinda?"

"Labda."

"Ameshinda nini?"

Nilitazama kile kiti chenye maua, nikamtazama mtu mwenye sweta la bahari, nikahesabu mambo kama mtu anayeunganisha vyuma viwili gizani: kila kipande kilikaa, lakini umbo lililotokea sikulielewa. Siku mbili kabla ya safari nilikuwa nimeongea na Femke. Alicheka. Alisema njooni. Mwanamke anayeolewa humwita mwanamume mwingine avuke bahari na mtoto aje anywe kahawa? Au kwa watu hawa ndivyo? Kwa watu ambao wangekuacha uimbe safari nzima wakakuhukumu kimyakimya, lolote lawezekana.

Ningeweza kumwuliza jirani yangu wa kiti. Alikuwa bibi mwenye uso mwema. Lakini niulize nini? *Samahani, mama, mwanamke niliyemfuata anaolewa na nani?* Heri nimeze kikombe na kisahani chake.

Hanneke alipitisha keki, kipande kimoja kimoja. Kisha akapitisha mkebe wa biskuti. Josette akachukua moja, akaimaliza kabla mkebe haujafika kiti cha tatu, akateremka magotini mwangu, akaufuata. Mkono wake ulipokaribia, kifuniko kikashuka. *Tap.*

"Moja moja," alisema Hanneke.

"Hajala tangu angani," nikasema. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Vikombe vyote vikatulia.

"Saa kumi na mbili tunakula," alisema Hanneke bila kupandisha sauti. "Lakini maziwa yapo. Njoo jikoni."

Nikamfuata. Jiko lake lilikuwa dogo na safi kama chumba cha daktari. Aliweka sufuria ndogo motoni, akasimama ananitazama, na mimi nikamtazama. Macho ya Femke yalikuwa pale pale usoni mwake, ila haya hayakucheka.

"Nitasema wazi," alianza, "maana sijui kusema vingine. Unaonekana mtu mwema. Mtoto ni mzuri na hana haya, jambo hilo nalipenda. Lakini mume wangu amekufa, na mtoto ninaye mmoja. Nataka nikitaka kumwona nipande baiskeli, si ndege."

"Nakuelewa."

"Sander yuko mlango wa pili tangu wote wawili wana meno ya utoto. Ni mtu mtulivu. Sisemi zaidi."

Alitaka aseme nini zaidi? Damu ilinipanda mpaka kwenye nywele. Nikakaza taya, nikanyoosha mkono wangu wenye makovu ya cheche, nikatumia Kiholanzi changu chote.

"Hongera kwa Femke," nikamwambia.

Hanneke aliduwaa. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu tufike, uso wake ukalainika. Akaupokea mkono.

"Asante," alisema. "Kumbe amekufundisha."

Nikampa Josette maziwa ayanywe, nikatoka kutayarisha kigari tuondoke, nikiwa siuoni mlango.

Nilikuwa barabarani mbele ya nyumba, napigana na kigari kilichokataa kufunguka, wakati baiskeli moja ilipokata kona. Haikuwa baiskeli ya kawaida. Ilikuwa na sanduku kubwa la mbao mbele, na ndani ya sanduku kulikuwa na mto, blanketi la rangi ya machungwa na mwavuli mdogo wenye picha za vyura. Mwendeshaji alikuwa amelowa mpaka nyusi.

"Remi!"

Oh, sauti ile! Nilikuwa nimejiandalia maneno kama misumari, na sauti ile iliipinda yote.

"Nimewangoja mlango wa kusini, nimewangoja wa kaskazini," alisema Femke huku anashuka, anahema, anacheka. "Nimeulizia polisi! Nimesema, mwanamume mwenye hasira na mtoto anayeimba. Wameniambia watoto wanaoimba ni wengi. Josette yuko wapi? Mbona uko nje? Mbona unafungua kigari… Remi, unakwenda wapi?"

"Hongera," nikasema.

"Asante. Unakwenda wapi?"

"Hongera kwa Sander. Ni kijana mzuri. Ana mabega. Mnafunga lini?"

"Tunafunga nini?"

"Ndoa, Femke! Usinifanye mtoto. Nimekaa mle ndani nimeona kiti chako kimevishwa maua. Nimeona watu wanaingia mmoja mmoja, wanambusu, wanampongeza kwa ajili yako. Mama yako mwenyewe amenipokea hongera kwa mkono wake!"

Femke alinitazama. Mdomo ukafunguka. Kisha akacheka, kicheko kirefu, akashika usukani wa baiskeli asianguke.

"Ni siku yangu ya kuzaliwa, mpumbavu wewe!"

"Siku yako ilikuwa Alhamisi. Nilikutumia salamu."

"Alhamisi watu wako kazini! Kahawa ni Jumapili!"

"Sasa Sander anapongezwa kwa lipi? Yeye ndiye aliyekuzaa?"

"Kwetu wanapongezwa wote. Mama anapongezwa, shangazi wanapongezwa, jirani aliyekua na mimi anapongezwa. Kila mtu aliye wangu anapata hongera yake. Ndivyo tulivyo." Alikuwa bado anacheka, anajifuta mvua machoni. "Ulifikiri… Sander! Sander ana mpenzi wake kule Arnhem, mama tu ndiye hataki kusikia. Baiskeli hii ni yake, amenipa nimbebe Josette."

Ningepaswa kufurahi. Jiwe lilikuwa limeondoka kifuani. Lakini chini yake kulikuwa na jingine.

"Kila aliye wako," nikasema.

"Ndiyo."

"Mimi sikupata."

Kicheko kikamtoka usoni.

"Wote waliopita wamenipa mkono na mvua," nikasema. "Hakuna aliyenipa hongera. Uliwaambia mimi ni nani?"

Alichezea kengele ya baiskeli. *Ting.* "Niliwaambia anakuja mgeni kutoka Canada."

"Mgeni!"

"Ndiyo, mgeni! Ulitaka niseme nini?" Sasa na yeye alikuwa amewaka. "Niambie, Remi. Uwanja wa ndege wa Moncton, nilisimama mbele yako na begi langu. Walishaita majina. Nilikuwa nangoja neno moja. Moja tu! Unakumbuka ulisema nini?"

Nilivuta mpini wa kigari.

"Ulisema, 'Funga zipu ya koti, kuna upepo.' Nimekaa angani usiku kucha na zipu imefungwa hadi kidevuni, nalia kama mjinga. Na ulipoandika kwamba unakuja, uliandika nini? 'Josette anataka kuuona mji wako.' Josette! Hata hajui mji ni kitu gani! Anajua mkate na kamba wake!"

"Nimevuka bahari, Femke. Nimevuka na mtoto aliyetapika juu ya suruali ya mtu wa Toronto, na kigari chenye gurudumu bovu. Hilo si neno?"

"Hilo si neno. Hiyo ni safari. Neno linatoka mdomoni."

Tulitazamana. Mvua ilikuwa inamdondoka puani na hakujifuta. Nilitaka kumshika. Nilitaka kwenda zangu. Mwanamume wa ukoo wetu habembelezi mtu abaki. Baba hakubembeleza, babu hakubembeleza, na wote wawili walikufa wakijisifu hivyo, kila mmoja peke yake na jiko lake la kuni. Nilifungua mdomo. Uliingia upepo tu.

"Vaa kofia," nikasikia sauti yangu inasema, "utapata ba…"

"Usithubutu," alisema Femke. "Usithubutu kunitajia nguo yoyote." Akasukuma baiskeli ukutani. "Kwenda nenda, kuingia ingia. Lakini kusimama kwenye mvua nikibahatisha yaliyo moyoni mwako, nimechoka."

Akaingia. Mlango hakuufunga.

Ilibidi niingie, walau kumchukua mwanangu. Nikaingia, nikamkuta Josette amekaa juu ya kile kiti cha maua, katikati ya duara, kamba wake mikononi, miguu inaning'inia, amenyooka kama malkia. Mashangazi walikuwa wanatazama vikombe vyao kwa aibu.

"Nimemwambia hicho ni kiti cha mwenye sherehe," Hanneke aliniambia.

"Ninamtunzia," alisema Josette. "Asikae mtu."

Nilikuwa sijamfikia, kengele ikalia kwa mara nyingine. Aliingia mzee mmoja mkubwa kama kabati, amekumbatia chungu cha maua, sauti yake ikajaza nyumba kabla yeye hajaingia vizuri.

"Mjomba Govert," walisema wote.

Sikuweza kupita. Govert alikuwa ameziba njia, na alikuwa ameanza mzunguko. Hanneke, busu tatu, hongera kwa Femke. Mashangazi, mmoja mmoja, hongera. Sander, kofi la mgongo, hongera kwa Femke, kijana wangu. Femke alikuwa amesimama mlango wa jikoni na taulo kichwani. Mzee akampongeza yeye pia, akampa maua, kisha akaendelea. Nikamwona anakuja. Nikaona mkono ule mpana unanyooka kwangu, kisha unasita hewani.

Akanitazama toka viatu hadi nywele.

"Na wewe," aliuliza, "ni wa nani?"

Ni swali lao la kawaida, naambiwa. Wanamwuliza kila wasiyemjua. Lakini mimi nilikuwa sijawahi kuulizwa hivyo maishani. Kwetu unaulizwa unatoka wapi, unafanya kazi gani. Wa nani? Nilihisi sakafu inayumba kama bado niko kwenye ndege. Upande wa jikoni taulo liliacha kusugua nywele.

"Huyu ni mge…" alianza Hanneke.

"Mimi ni wa Femke," nikasema.

Nilisema kwa Kiholanzi, na kilikuwa kibovu, na nilikisema kwa nguvu kama mtu anayedai haki yake bandarini. Kisha maneno ya simu yakaniishia, nikaendelea kwa lugha niliyoipata mdomoni.

"Ni wa Femke, mimi na binti yangu huyu. Sikuja kuona mji. Nimekuja kumwomba awe wetu. Nilipaswa kusema kwetu, siku anaondoka, nikasema habari za zipu. Sasa nasema, mbele yenu wote, na akinikataa anikatae mbele yenu wote. Lakini mzee, mpaka anikatae, nakudai. Nipe hongera yangu."

Jasho lilinitiririka ndani ya koti. Govert aligeuza kichwa kile kikubwa polepole kuelekea jikoni.

"Femke?"

Femke alikuwa ameshika taulo kwa mikono miwili kifuani. Macho yale, ya kijivu, ya buluu, sijui, yalikuwa yamejaa.

"Mpe, mjomba," alisema.

Mzee akanishika mkono, akausaga. "Hongera kwa Femke!" akanguruma, akanivuta. Kwetu busu ni mbili. Nilipokwisha kujitoa, la tatu likanipata sikioni. Watu wakacheka. Bibi yule jirani yangu akainuka, naye akaja. Kisha shangazi mmoja, kisha Sander mwenyewe, ambaye alininong'oneza, "Afadhali umesema. Nilikuwa nimechoka kukalishwa na Hanneke kando ya kiti kile." Nilikuwa nageuzwa huku na huku kama mkate motoni, nikisema asante kwa watu nisiowajua, na katikati ya mabega yao nilimwona Femke akija kwangu taratibu, mpaka vidole vyake baridi vikaingia kati ya vyangu.

"Na mtaishi wapi?"

Alikuwa Hanneke. Hakuwa ameondoka kwenye kiti chake.

"Sijui," nikasema.

"Femke?"

"Sijui, mama."

"Nani basi anayejua?"

"Mimi," alisema Josette. Alikuwa amegeukia dirishani, kidole kwenye kioo. "Tutakaa kwenye lile sanduku. Lina blanketi."

Hakuna aliyecheka. Hanneke alitazama nje, kwenye baiskeli ile inayolowa, mto wake na mwavuli wake wa vyura. Aliitazama muda mrefu. Nilitaka kumwambia kitu, kwamba nitamletea binti yake, kwamba sitampeleka mbali, kwamba ndege nazo zinarudi. Lakini sikujua ni lipi kati ya hayo lililo kweli, na mwanamke yule asingekubali la uongo. Vidole vya Femke vilinibana. Naye hakujua.

Hanneke aliinuka. Alinipita mimi, akampita binti yake, akaenda hadi kwenye kiti chenye maua. Akanyoosha mkono wake mrefu, ulionyooka, kama anavyopewa mtu mzima.

"Josette," alisema. "Hongera kwa Femke."

Binti yangu aliutazama mkono ule. Akamhamisha kamba wake kwapani ili apate mkono wa kutoa. Busu la kwanza, la pili, la tatu; akakaza uso akayapokea yote. Kisha akanitafuta kati ya watu, macho yamemtoka.

"Baba," aliuliza, "nimeshinda?"

Femke alikuwa ameuficha uso wake katika koti langu lililolowa. Hanneke alikuwa ameshaugeuza mgongo, anahangaika mezani na kitu ambacho mikono yake ilikataa kukifungua haraka, na aliporudi alikuwa ameushika ule mkebe wa biskuti, umefunguliwa wazi.

Shangazi mmoja alikohoa.

"Chukua," alisema Hanneke.

Josette akachukua mbili.